Tripu za kwanza na semi: mwongozo wa dereva mgeni, Kibaigwa hadi Sekenke

Leseni ya daraja E na cheti cha magari makubwa kutoka NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) vinakufikisha mlangoni kwa tajiri, yaani mwenye gari. Kabla ya gari utapewa mtu: dereva wa miaka mingi utakayekaa naye kwenye kichwa cha semi kwa wiki kadhaa, akikuangalia unavyoshika gia, unavyolala na unavyojibu ukikosolewa. Chuoni ulijifunza kuendesha. Kwake utajifunza kuwahi: kupunguza mwendo kabla ya kona, kushika gia kabla ya mlima, kujua uzito wa ekseli kabla mizani haijakwambia.

Tunafuata njia ya Kibaigwa, Dodoma, Bahi, Manyoni, Singida hadi chini ya mlima Sekenke. Njia hii ina karibu kila kinachomsumbua mgeni: soko lenye msongamano, kipilefti za mjini, mizani, tambarare ndefu ya kusinzisha, mlima wa kupanda, upepo wa ubavuni na mteremko mkali.

Mpangilio wa tripu

Usitegemee kushika usukani siku ya kwanza. Tripu ya kwanza unakaa kiti cha kushoto na daftari. Andika kila mahali mkufunzi anapobadili gia bila wewe kuona sababu, kisha muulize mkisimama. Mkiwa mwendoni usimjaze maswali.

Tripu ya pili kwa kawaida unapewa gari mchana, kwenye tambarare, likiwa tupu au na mzigo mwepesi. Tahadhari: semi tupu ina tabia zake. Inarukaruka, magurudumu ya tela hujifunga upesi ukikanyaga breki kwa nguvu, na upepo wa Singida unaisukuma ubavuni hasa ikiwa na turubai refu. Wageni wengi hudhani gari tupu ni gari rahisi.

Tripu ya tatu na kuendelea ni mzigo kamili, kwanza kwenye tambarare, kisha kupanda, kisha kushuka. Usiku huja mwisho kabisa. Tajiri anayekukabidhi semi yenye tani 30 baada ya tripu moja anakuonea wewe na wote utakaopishana nao, na una haki ya kumwambia bado.

Shikamoo ya asubuhi haikupunguzii kitu hata kama umemzidi mkufunzi elimu. Utingo naye usimdharau. Amelala chini ya gari lile mara nyingi kuliko wewe, na akisema "dereva, kuna kitu kinalia huku nyuma", simama.

Ukaguzi wa asubuhi

Tenga nusu saa. Ukizoea itashuka hadi dakika 20, isishuke zaidi.

1. Injini ikiwa baridi, pima oili, angalia maji ya rejeta, kisha inama uone kama pana doa jipya chini ya gari. Doa la oili, la dizeli na la maji yanatofautiana kwa harufu na kwa mguso wa kidole. Jifunze yote matatu.

2. Zunguka tairi zote na geji. Tairi za 315/80R22.5 zikiwa na mzigo kamili mara nyingi hujazwa kati ya psi 110 na 125. Fuata kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na maelekezo ya gari lako. Pima zikiwa baridi. Usipunguze upepo wa tairi iliyotoka safarini kwa kuwa geji imepanda. Imepanda kwa joto, na ukipunguza utaamka kesho na tairi laini. Kwenye tairi pacha, ya ndani ndiyo inayodanganya: ikiisha upepo, ya nje inabeba mzigo wote na kwa macho huoni kitu. Igonge kwa nyundo. Tairi iliyojaa hurudisha nyundo na kutoa sauti kavu, iliyolegea humeza nyundo. Toa mawe yaliyonasa kati ya pacha. Likichomoka mwendoni, kioo cha gari la nyuma ndicho kitakacholipokea.

3. Angalia nati za magurudumu. Mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye nati ni dalili kwamba inacheza. Ukibadili tairi njiani, simama baada ya kilomita 50 hadi 100 ukaze upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo chanzo cha magurudumu yanayolipita gari lenyewe.

4. Fungua koki za matenki ya upepo utoe maji. Kisha weka vizuizi kwenye magurudumu, washa injini, acha upepo upande hadi bar 8 au zaidi, zima, rudisha swichi ya umeme na ulegeze breki ya kuegeshea. Kanyaga breki ya mguu, ishikilie dakika nzima. Sindano ikishuka zaidi ya bar 0.3, pana mahali panavuja. Mtume utingo asikilize tela huku mguu wako ukiwa bado kwenye breki. Halafu kanyaga na kuachia mara nyingi hadi taa na kengele ya upepo mdogo iwake. Mara nyingi huwaka karibu na bar 5. Isipowaka gari halitoki, maana siku upepo utakapoisha mteremkoni hakuna kitakachokuambia.

5. Taa zote, honi, wipa, vioo, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, jeki na spana ya magurudumu. Hapa hakuna la kujifunza, ni kuhakikisha tu.

Kufunga tela

Mkufunzi atakurudisha hapa mara nyingi, na asipokurudisha mwombe. Tela inayochomoka mwendoni mara nyingi ilifungwa na mtu aliyesikia "klak" akaridhika.

Rudi nyuma polepole, umenyooka na tela. Simama karibu, shuka, linganisha urefu: bamba la tela, lenye pini chini yake, linatakiwa liguse sahani ya kichwa inayolibeba na kunyanyuliwa kidogo. Tela ikiwa juu mno, pini itapita juu ya makucha ya sahani na utabaki na kichwa kilichoingia chini ya tela bila kushika chochote. Ikiwa chini mno, utaigonga sehemu ya mbele ya tela. Rekebisha kwa miguu ya tela, kisha rudi nyuma hadi usikie mshindo.

Sasa usishuke bado. Tia gia ya chini kabisa, breki za tela zikiwa zimefungwa, na uvute mbele taratibu mara mbili. Kichwa kikikazwa na kuzuiwa, vizuri. Shuka na tochi hata kama ni saa sita mchana, ingia chini, uangalie mambo mawili: makucha yameizunguka pini kwa nyuma, na hakuna mwanga kati ya bamba na sahani. Kisha fungia kishikio na kibano chake.

Mipira ya upepo: mwekundu ni wa kulisha tela, wa njano ni wa amri ya breki. Baada ya kuunganisha na waya wa umeme, pandisha miguu ya tela hadi mwisho na urudishe mkono wake mahali pake. Mguu uliosahaulika utaukuta umepinda kwenye tuta la kwanza.

Mizani

Ukitoka Dodoma kuelekea Singida utapita mizani ya Nala, na mkoani Singida ipo ya Njuki. Vipimo vinatokana na sheria ya udhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019. Kwa semi ya kawaida shika namba hizi kichwani: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za kichwa zenye tairi pacha tani 18, ekseli tatu za tela zenye tairi pacha tani 24. Jumla tani 50. Ukomo wa juu kwa gari lolote bila kibali maalumu ni tani 56, kwa lenye ekseli 7.

Toa uzito wa gari lenyewe, ulioandikwa kwenye kadi, ndipo upate haki yako ya mzigo. Gari lenye uzito wa tani 19 limebaki na tani 31, sawa na magunia 310 ya kilo 100. Hapo Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu gunia la mahindi si lazima liwe na kilo 100. Lumbesa litakula nafasi yako yote. Dizeli nayo ina uzito: lita 600 ni takriban kilo 500. Turubai na magunia yaliyolowa mvua huongeza bila kukuomba ruhusa.

Kosa la mgeni ni kuangalia jumla tu. Gari lina tani 48, chini ya ukomo, lakini wapakiaji wamerundika mbele na ekseli za kichwa zimefika tani 20. Utazuiwa. Kwa hiyo simama pale wanapopakia, hakikisha mzigo umeenea, na usiwe umekwenda kunywa chai. Ukiingia kwenye mizani, mwendo wa mtu anayetembea, usikanyage breki ghafla juu ya bamba. Ghafla hiyo huhamishia uzito mbele na namba ya ekseli inapanda.

Na mkaa. Kuna wanaonunua magunia mawili matatu kando ya barabara wakayafunga nyuma ya kichwa. Ni uzito usiokuwemo kwenye karatasi, na ni mazao ya misitu yasiyo na kibali, ambayo watu wa TFS (wakala wa misitu) watayauliza getini. Mkufunzi akifanya hivyo, hicho kimoja usijifunze.

Tambarare ya Bahi

Nje ya makazi mwisho wako ni kilomita 80 kwa saa, penye kibao cha 50 ni 50. Kwa mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde. Mtu wa kawaida huchukua sekunde moja na nusu tangu aone hadi akanyage, hivyo umeshapita mita 33 kabla breki haijaanza kazi, na breki za upepo nazo huchelewa kidogo kuliko za gari dogo. Acha nafasi ya sekunde tano: gari la mbele likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi tano ndipo wewe uifikie.

Bahi hadi Kintinku ni nchi ya mifugo. Ukimwona ng'ombe mmoja amevuka, wengine wako njiani wanamfuata, na mtoto wa kuchunga yuko nyuma yao. Punguza kwa yule wa kwanza. Usiwapigie honi ndefu wakiwa katikati ya lami, hutawanyika pande zote. Mbuzi hurudi alikotoka, punda husimama tu. Gizani ogopa mkokoteni wa punda usio na taa wala kiakisi mwanga.

Indiketa zina lugha ya barabarani: aliye mbele akikuwashia kushoto anamaanisha pita, akiwasha kulia anamaanisha subiri. Ijue, ila usiiamini kwa maisha yako. Huenda anapinda kweli. Kabla ya kuovateki uwe umeona mwenyewe lami tupu ya kutosha, na kwa semi yenye mzigo kutosha ni mbali kuliko unavyodhani.

Mvua za kati ya Desemba na Aprili hubadilisha kila kitu. Korongo lililokuwa vumbi asubuhi linaweza kupitisha maji mekundu jioni. Maji yakivuka barabara na huoni kingo za lami, simama. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya zaidi kwa utelezi, kwa kuwa inachanganya vumbi na oili iliyolala miezi yote.

Kupanda Saranda

Baada ya Kintinku barabara inaanza kupanda kutoka bonde la ufa kuelekea Manyoni. Mgeni hufika mguuni mwa mlima kwa kasi, akitumaini kasi imbebe, kisha gari linakufa gia ya juu na anaanza kuhangaika na splita (swichi ya nusu gia) katikati ya kona. Shusha gia mapema, mizunguko ya injini ikiwa bado ndani ya ukanda wa kijani. Ukichagua gia inayolibeba gari bila kulegea, ikae hapo hapo hadi juu.

Macho kwenye geji ya joto. Ikipanda isivyo kawaida, shusha gia moja na upunguze mguu, maana injini inayozunguka vizuri kwa mzigo mdogo inajipoza kuliko inayosukumwa kwa gia kubwa. Ikiendelea, tafuta mahali papana usimame, iache ingurume bila mzigo. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi ipoe. Maji yale yatakubabua uso. Ukifika juu na unataka kusimama, acha injini ingurume dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima, ili tabo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, ipate oili wakati inapoa.

Kushuka Sekenke

Ukitoka Singida, ukiipita Misigiri, ardhi inakatika kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Hapa ndipo mkufunzi atakapokupima.

Simama juu kabla ya mteremko. Zunguka gari, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kugusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko wenzake, kuna breki inayoburuta au beringi inayokufa, na hushuki hadi ijulikane. Hakikisha upepo umejaa. Tia gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo na mzigo huo huo; kwa gari la kisasa lenye nguvu nyingi, shuka gia moja chini ya hiyo. Washa breki ya egzosti au retada (vinavyolizuia gari bila kutumia breki za magurudumu) ungali juu.

Mteremkoni, weka mwendo wako wa juu, tuseme 30. Gari likifika 30, kanyaga breki kwa uthabiti, sekunde kama tatu, hadi lishuke 25, kisha achia kabisa. Likipanda tena 30, rudia. Kuachia ndiyo siri: drami za breki zinapata muda wa kupoa. Anayeweka mguu juu ya breki kidogo kidogo mwanzo hadi mwisho anazichemsha lainingi (vipande vinavyobana drami), na lainingi iliyochemka haishiki hata ukisimama juu ya pedali. Dalili ni tatu, na huja kwa mpangilio: harufu kali ya kitu kinachoungua, pedali inayotaka kukanyagwa zaidi kwa kazi ile ile, kisha moshi. Simama kwenye harufu, usingoje moshi. Ukisimama, usimwage maji kwenye drami iliyowaka joto, itapasuka.

Kuna mambo mawili ambayo huruhusiwi kuyafanya hata mara moja. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta: injini haikushikii tena, na ukitaka kurudisha gia kwa kasi ile haitaingia. Na kuzima injini: kompresa inasimama, stelingi inakuwa nzito, na upepo uliobaki kwenye matenki ni wa kukanyaga mara chache tu. Madereva wazee waliofanya hivyo miaka 20 wakapona wapo, na mmoja wao anaweza kuwa amekaa pembeni yako. Kataa kwa adabu: "Mzee, mimi acha niende na gia."

Lami ikiwa imelowa na tela ni tupu, punguza nguvu ya retada. Inashika magurudumu ya kichwa peke yake, yakiteleza tela inasukuma na gari linajikunja.

Gari likikufa njiani

Toka nje ya lami kadiri inavyowezekana, washa taa za hatari, zuia magurudumu, kisha pembetatu. Gari linalokuja kwa 80 linamaliza mita 50 kwa sekunde mbili na kidogo, kwa hiyo mita 50 ni chache. Tembea hatua mia moja na hamsini kabla ya kuweka ya nyuma, na kama kuna kona au kilele cha mlima, iweke kabla yake. Matawi ya miti kila mtu anayaelewa, na yanasaidia yakiongezwa juu ya pembetatu. Ukiondoka, ondoa matawi yako na yale mawe uliyozuilia magurudumu. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku ni la bodaboda wa kwanza atakayepita.

Karatasi, pesa, usingizi

Leseni, kadi ya gari, bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA na karatasi za mzigo vikae kwenye bahasha moja ambayo unaweza kuifikia bila kuvua mkanda. Trafiki akikusimamisha, zima injini, salimia, toa kinachoombwa. Faini hulipwa kwa kontroo namba. Mzigo wa kwenda nje wenye lakiri ya kielektroniki ya TRA usiusogelee hata kama turubai limelegea upande ule. Piga simu ofisini kwanza.

Weka kumbukumbu ya mafuta kila unapojaza. Semi yenye mzigo kamili hula takriban lita 40 hadi 50 kwa kilomita 100. Ukiwa na daftari lako, siku tajiri akiuliza lita 60 zimekwenda wapi una cha kumwonyesha.

Baada ya saa nne za usukani pumzika nusu saa, nje ya gari. Kuku wa kienyeji wa Singida ni mtamu, ila sahani nzima ya wali saa saba mchana kabla ya kuvuka Wembere ni dawa ya usingizi. Kula kidogo, kunywa maji mengi. Mirungi ni kosa la jinai, na isitoshe haiondoi usingizi, inauahirisha hadi pale usipoutaka.

Rivasi

Hii itakutoa jasho kuliko Sekenke. Shika stelingi kwa chini kabisa: mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Geuza kidogo, subiri tela ijibu, kisha ifuate. Tela ikianza kupotea, usiongeze stelingi, vuta mbele unyooke uanze upya, hakuna anayehesabu. Utingo asimame unapomwona kiooni. Akipotea kwenye kioo, simama palepale hadi aonekane.

Ukipangiwa tripu ya Kigali au Bujumbura, pamoja na pasipoti na kadi ya njano ya bima ya COMESA, fahamu kwamba Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Ukishavuka mpaka, stelingi yako iko upande wa ukingo wa barabara, na huoni ng'ambo ya lori la mbele hata kidogo. Siku hizo za kwanza usiovateki, na ukifika kipilefti kumbuka unaingia kwa kupinda kulia.